Mwaka mzima hatujashinda hata mechi moja: nitajuaje kama wasichana wangu wamepiga hatua?

Mwalimu_Busia

Habari zenu makocha, wachezaji wa zamani na wazazi. Naomba ushauri, na mniwie radhi nikieleza kwa urefu, kwani jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu Februari mwaka jana nafundisha timu ya wasichana wasiozidi miaka 15. Ilianza hivi: wasichana watatu wa P6 (darasa la sita) walinifuata baada ya vipindi wakaniambia, "Madamu, ikifika saa kumi wavulana wanapewa mpira, sisi tunapewa mafagio." Sikuwa na jibu. Nilimwomba mwalimu mkuu uwanja kila Jumanne na Alhamisi jioni, tukaanza tukiwa kumi na mmoja, na mpira mmoja uliokuwa umeshonwa mara mbili.

Uwanja wetu umekatwa na njia ya miguu kutoka kona hadi kona, maana ndiyo njia ya mkato ya kwenda sokoni. Kina mama wanapita na mabeseni ya mukene (dagaa) kichwani tukiwa katikati ya mazoezi. Mwanzoni ilinikera. Siku hizi tumezoeana, na wengine husimama wakatazama.

Mwanzoni wote waliukimbilia mpira kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama. Hilo nililitarajia. Lililonisumbua zaidi ni ukimya. Nina Wasamia, Waiteso, Waganda, na wawili wanaoishi na bibi yao ambao wametoka upande wa Kenya. Kila mmoja aliona haya kuita kwa lugha ya kwao mbele ya wenzake, basi hakuna aliyeita. Tukakubaliana maneno manne ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo kila mtoto wa mpakani ameisikia sokoni: "Wangu!" unapoutaka mpira, "Mtu!" mwenzako akifuatwa kwa nyuma, "Muda!" akiwa hana mtu karibu, na "Rudisha!" Kwa miezi miwili tuliyafanyia mazoezi maneno hayo hata bila mpira. Namba 3 wangu, beki wa kushoto, alikuwa akiyasema kwa midomo tu. Unaona midomo inacheza, sauti husikii. (Nawataja kwa namba za jezi kwa sababu ni watoto.)

Tumecheza mechi 9. Tumefungwa 7, tumetoka sare 2. Mechi ya kwanza tulipigwa 7 bila. Mwezi uliopita tumerudiana na timu ileile, tukafungwa 2 kwa 1.

Lile bao letu moja sijalisahau. Golikipa aliudaka mpira wa kona, na badala ya kuubutua mbele kama zamani, akatazama, akamviringishia namba 3. Namba 3 akampa namba 6, namba 6 akarudisha, ukaenda tena kulia, ukakatiza ile njia ya miguu. Mama mmoja alikuwa anapita na beseni lake. Akasimama kama mlingoti, mpira ukapita mbele ya miguu yake, akaendelea na safari. Pasi 9 kwa jumla, ya mwisho namba 11 akaitia wavuni kwa mguu wa kushoto. Nilikuwa nahesabu, kwani tangu mechi ya kwanza nina daftari la kuhesabia pasi zinazofuatana kabla hatujapoteza mpira. Siku ya 7 bila, nyingi kabisa zilikuwa 2.

Sasa shida. Tunaye mfadhili, mfanyabiashara wa nafaka hapa mjini, mtu mzuri. Alitununulia mipira 4 na ndiye anayelipa nauli. Baada ya mechi hiyo aliniita pembeni: "Mwalimu, mwaka mzima hata ushindi mmoja?" Halafu akaniambia kuna wasichana wawili ng'ambo, kidato cha tatu, wana miaka 17, wanacheza kama wavulana. Tuwavushe kwa ajili ya mashindano ya Desemba, nani atawauliza vyeti? Alisema bila ubaya. Anataka watoto wafurahi.

Mashindano ni ya chini ya miaka 15. Sitaki kufanya hivyo. Lakini nikimwambia "tumeendelea", ananiuliza "kwa kipimo gani?", na mimi nimebaki na daftari lenye tarakimu za penseli. Nyinyi mnapimaje? Na mnamwelezaje mtu anayetazama ubao wa mabao peke yake?

Kocha_Nakivale

Mama kocha, pokea salamu kutoka Isingiro. Nafundisha wasichana hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo wengi, Warundi, na Wasomali wachache.

Nianze na hao wawili wa miaka 17, kwa sababu mimi niliwahi kufanya kosa hilo na sitaki ulirudie. Nilileta wasichana watatu wakubwa kwenye kombe la likizo. Tulishinda. Tulipewa mbuzi, tukaimba hadi usiku. Lakini watoto wangu watatu waliokuja mazoezini mwaka mzima, mvua na jua, walikaa benchi fainali yote. Mmoja alikuwa nahodha. Jumatatu iliyofuata nilipuliza filimbi wakaja 8 kati ya 20. Nilikwenda kwao mmoja mmoja. Yule nahodha aliniambia, "Kocha, kumbe ulikuwa unatutunzia jezi tu." Ilinichukua miezi mitano kuwarudisha, na yeye hakurudi. Sasa yuko Mbarara, ana mtoto.

Tena fikiria usalama. Msichana wa miaka 17 akigongana na wa miaka 12, huyo mdogo ndiye atakayebebwa.

Kuhusu kipimo: daftari lako ni zuri kuliko unavyodhani, ila mfadhili hawezi kusoma tarakimu zako. Mwite mazoezini, si kwenye mechi. Kwenye mechi macho yote yako kwenye goli. Mazoezini mpe kazi: mwambie amhesabie mtoto mmoja ni mara ngapi anagusa mpira ndani ya dakika kumi. Sisi tulifanya hivyo na mzee mmoja wa kanisa. Tulipocheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mtoto aliyemhesabu aligusa mara 4. Tulipocheza wanne kwa wanne, aligusa mara 31. Mzee mwenyewe akaanza kuniuliza kwa nini tunacheza uwanja mkubwa.

Na hilo nakuuliza hata wewe. Unatumia goli kamili? Goli la wakubwa ni mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa kimo. Golikipa wa miaka 13 haligusi besela hata akiruka. Ukifungwa 7 kwenye goli hilo, labda 4 ni za urefu wake, si za makosa yake. Mechi za kirafiki ombeni kucheza saba kwa saba, magoli madogo. Utaona sura nyingine ya timu yako.

Beki_Mstaafu_Tororo

Dada Mwalimu, hongera sana. Nilicheza beki ya kati kwa miaka sita, nikaacha nilipoolewa, na nikisoma habari zako natamani ungenifundisha mimi.

Hao wa kidato cha tatu achana nao, kocha wa Nakivale amemaliza. Ila kuna jambo moja nitatofautiana nanyi kidogo. Mtoto anahitaji kushinda. Tusijidanganye kwamba daftari litamtosha. Kufungwa mechi saba kati ya tisa kunachosha, na msichana nyumbani tayari anaambiwa anapoteza muda. Akirudi kila mara amefungwa, kaka zake wanapata la kusema. Mimi nilikuwa nalia chooni, mama yangu asijue.

Kwa hiyo tafuta timu za kiwango chenu. Mnacheza na nani? Kama kila mechi ni dhidi ya shule zenye mabweni na kocha wa kulipwa, hujawapa watoto nafasi ya kujua wanaweza. Huku Tororo kuna shule mbili za msingi zimeanza timu ya wasichana mwaka huu. Nitakuunganisha na walimu wao. Mkishinda, vizuri. Mkifungwa, mmefungwa na wenzenu.

Na mfadhili umkumbushe Crested Cranes. Timu yetu ya taifa ya wanawake ilicheza Kombe la Afrika mwaka 2000, halafu ikakaa miaka 22 bila kurudi. Mwaka 2022 ilichukua ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, pale Njeru kwa kuifunga Burundi 3-1, mwezi uliofuata ikaenda Morocco. Huko ilifungwa na Senegal 2-0, ikafungwa na wenyeji 3-1, ikatoka sare ya 2-2 na Burkina Faso, ikarudi nyumbani bila ushindi. Nilitazama mechi zote tatu kwenye kibanda cha video, mwanangu mgongoni. Ukitazama ubao peke yake utasema hawakufanya kitu. Mimi niliona wasichana waliokuwa wanatuliza mpira mbele ya uwanja uliojaa watu wanaowazomea. Siku zangu hatukuweza hilo hata Mbale.

Nesi_Arua

Mwalimu, mimi si kocha. Ni nesi huku Arua, na binti yangu anacheza winga. Nina mambo mawili ambayo makocha wengi wanaume huyaruka.

La kwanza ni magoti. Wasichana wa umri wa timu yako wanarefuka haraka, na wako kwenye hatari kubwa kuliko wavulana ya kukata kano ya ndani ya goti, mara nyingi bila hata kuguswa na mtu: anaruka, anatua, goti linaingia ndani, basi. Nimemwona binti wa miaka 14 akiletwa kwa bodaboda amekaa upande, ameshika goti kwa mikono miwili. Hakucheza tena.

FIFA wana utaratibu wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+. Una mazoezi 15 na unachukua kama dakika 20: kukimbia taratibu, halafu nguvu, mizani na kuruka, halafu kukimbia kwa kasi. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatolewa 2008, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu kwa timu zilizoufuata. Ufanye angalau mara mbili kwa wiki, na siku zako mbili zinatosha kabisa. Ukishindwa kukumbuka yote 15, shika hili kwanza: wafundishe kutua. Wasimame wawili wawili wakitazamana, mmoja aruke, atue magoti yamekunjwa kidogo, mwenzake atazame kama goti liko juu ya vidole vya mguu au limeingia ndani. Watoto wanapenda kusahihishana kuliko kusahihishwa nasi.

La pili, angalia daftari lako la mahudhurio. Je, kuna mabinti wanaokosa siku tatu nne kila mwezi, kwa mpangilio? Binti yangu alikuwa anasema kichwa kinamuuma. Kocha wake alimwandika "mvivu". Weka pedi kwenye mfuko wa mipira, na nguo ya ndani ya akiba, na kaptura za rangi nyeusi badala ya nyeupe. Mpe funguo ya mfuko huo nahodha, usiishike wewe. Utaona mahudhurio yenyewe.

Na kama unao Waislamu, mama zao wajue kwamba hijabu iliruhusiwa rasmi kwenye sheria za mpira tangu 2014. Huku kwetu kuna wanaocheza nayo, na suruali ya kubana chini ya kaptura, na hakuna refa anayewagusa.

Mzazi_Malaba

Nasema kama baba. Mimi nilimkatalia binti yangu kwa miezi minane. Sababu niliyoitoa ilikuwa kaptura, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anateka maji na kufunga kibanda cha mama yake jioni. Kocha wake alikuja nyumbani, hakuzungumza habari ya mpira hata kidogo. Aliuliza maji yanatoka wapi, saa ngapi foleni ni ndogo. Tukapanga kaka yake ateke Jumanne na Alhamisi. Hayo yote hayakuonekana kwenye matokeo ya mechi yoyote. Mwalimu, andika na hayo.

Mwalimu_Busia

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimeyasoma majibu yenu mara nyingi, mengine nikiwa kwenye foleni ya benki, na lile la nahodha wa Nakivale lilinitoa machozi pale pale.

Mzazi wa Malaba, nimeandika. Nilifungua ukurasa mpya kwa kila mtoto, si wa pasi, wa habari zake. Namba 6 alikuwa hahudhurii siku za soko kwa sababu anauza nyanya na shangazi yake. Tangu tuhamishie mazoezi ya Alhamisi saa kumi na moja na nusu, hajakosa. Namba 11 alisema ataacha shule baada ya P7. Mwezi huu ameniuliza ni shule gani ya sekondari ina timu ya wasichana. Sikuwa nimeyaona mambo hayo kama maendeleo ya timu. Nilikuwa nayaweka upande wa "matatizo ya nyumbani".

Nesi, ulisema kweli kuhusu mahudhurio. Nilipitia miezi sita nyuma na penseli nyekundu. Watoto watano wana mpangilio huo. Watano kati ya ishirini na watatu, na mimi ni mwanamke, nina binti, na sikuona. Pedi ziko kwenye mfuko sasa. Funguo anayo namba 8.

Mfadhili alikuja mazoezini Alhamisi iliyopita. Nilimpa kazi kama mlivyosema, amhesabie namba 3 dakika kumi, wanne kwa wanne. Aliketi kwenye jiwe lililo karibu na goli, akachukua kalamu yake mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anajibu simu, baadaye akaiweka mfukoni. Mtoto aligusa mpira mara 27. Kisha akaniuliza, "Mbona huyu anapiga kelele kuliko wote?" Nilimfungulia ukurasa wa Machi mwaka jana nilipoandika: namba 3, hana sauti. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

Sitasema mambo yote yamekaa sawa. Habari ya wale wasichana wawili nilimwambia wazi kwamba sitawaleta, na nikamwambia kwa nini. Hakufurahi. Jezi mpya alizoahidi kwa Desemba amesema tutazungumza baadaye. Nauli atalipa. Mimi nimeshukuru kwa nauli, tutacheza na jezi za zamani. Namba 9 na namba 14 zimefifia, nitazishona upya wikendi hii.

Dada wa Tororo, asante kwa kunisema. Ni kweli, mechi sita kati ya zile tisa nilicheza na shule kubwa kwa sababu ndizo zilizokuwa zinaalika, na niliona aibu kukataa. Tumepanga na yule mwalimu uliyeniunganisha naye, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, saba kwa saba, magoli ya miti tuliyoyapima hatua tano. Kama uko karibu njoo, tafadhali, ukae na mabeki wangu kabla ya mechi. Hawajawahi kuzungumza na mwanamke aliyecheza nafasi yao.

Nesi, swali moja la mwisho. Zoezi la kuruka na kutua: uwanja wetu una mashimo, kwa hiyo nimekuwa nikiwafanyisha kwenye veranda ya darasa la P4, bila viatu. Ni sawa?

Nesi_Arua

Hapana Mwalimu, saruji ni ngumu mno kwa kuruka mara nyingi. Tafuta sehemu ya nyasi hata ya hatua kumi kwa kumi, nyuma ya goli au kando ya bustani ya shule, waokote mawe wenyewe, mfukie mashimo kwa udongo na mshindilie. Kwenye veranda fanyeni yale ya kusimama kwa mguu mmoja na kuchuchumaa tu. Viatu wavae wakiwa navyo, raba zinatosha. Na namba 3 aendelee kuhesabu kwa sauti kwa ajili ya wenzake, "moja, mbili, tua," ili wote watue pamoja.